Mjusi wa Shamim na mwavuli wa Babu

UKOO WA BOMBO
Ijumaa

Shangazi Zaina 18:02
Assalaam aleikum ukoo. Nasema mara ya tatu tangu juzi, Shamim Jumatatu anasimama mbele ya shule nzima na mjusi wake, tunataka elfu 5 kila mtu ya waya, gundi na manila, tumeni kwa namba yangu, tuko 23 humu na waliotoa ni wawili na mmoja ni mimi

Swaleh 18:40
Waaleikum salaam. Elfu 5 ya mjusi na huku kwangu wako bure ukutani 😂

Shangazi Zaina 18:41
Huyu si wa ukutani. Anaitwa Draco volans, anatoka mti huu anatua mti ule. Shamim eleza mwenyewe

Shamim (simu ya mama) 18:55
Shikamooni. Hapigi mabawa kama ndege, anaelea tu. Mbavu zake ni ndefu zimeshika ngozi, akitaka kuruka anazitandaza, akitulia anazikunja ubavuni. Wa jenasi yake wanaweza kufika mita 60. Kwao ni Java na Bali huko Indonesia. Anakula sisimizi na mchwa, anakaa mtini siku zote, jike ndio anashuka chini akitaka kutaga, anachimba shimo na pua

Mjomba Juma 19:10
Draco si ni joka? Mtoto wetu abebe joka shuleni

Shamim (simu ya mama) 19:12
Jina tu mjomba. Linnaeus alimpa 1758, ni Kilatini, joka linaloruka. Lakini ni kama sentimita 20 na mkia wake

Swaleh 19:13
Joka la sentimita 20 🤣🤣 kuku wa bibi yetu Haboba anameza asubuhi

Anti Rehema 20:30
📷 Picha
Ni huyu? Nimemtoa intaneti, wameandika volans wa Malaysia

Shamim (simu ya mama) 20:34
Hapana anti, wale wa Malaysia zamani walihesabiwa volans, siku hizi wametengwa wanaitwa Draco sumatranus. Nikibandika huyo mwalimu ananikata maksi

Mjomba Juma 20:36
Kumbe mijusi nayo inagawanywa kama wilaya zetu

Swaleh 20:36
Kila mmoja na mbunge wake 😂

Shangazi Zaina 20:37
HELA. Na mabawa tunatengeneza na nini

Swaleh 20:38
Kaveera, mfuko wa plastiki

Shamim (simu ya mama) 20:41
Kaveera inanywea. Ningepata mwavuli mzee, zile chuma ndio mbavu kabisa na nguo ndio ngozi

Shangazi Zaina 20:42
Mwavuli mkubwa mweusi uko kwa Rehema tangu mazishi

Anti Rehema 20:43
Zaina usianze

Shangazi Zaina 20:43
Sianzi, nasema uliko

Anti Rehema 20:44
Sawa, na zile sufuria mbili za Arua nazo useme ziliko

Shangazi Zaina 20:45
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Babu 21:47
🎤 0:52

Mjomba Juma 21:58
Kwa wasio na bando, Babu anasema mwavuli ule alimnunulia Haboba mwenyewe, mtoto aukate. Habari ya mwavuli na sufuria asisikie tena humu mpaka wamzike. Tena anauliza, huyo mjusi ni ndugu wa konkome wa mwembe wetu, yule wa kichwa cha buluu?

Shamim (simu ya mama) 22:20
Ndiyo Babu. Ngeli moja reptilia, oda moja Squamata, familia moja Agamidae. Wanaachana kwenye jenasi, huyu ndio anakuwa Draco. Hata kinyonga si mbali nao

Babu 22:31
Kinyonga mwache hukohuko

Jumamosi

Anti Rehema 06:12
Mwavuli uko. Lakini niko kazini mpaka Jumapili usiku, nani anakuja kuuchukua Wandegeya

Shangazi Zaina 06:13
Swaleh ana boda

Swaleh 09:50
Boda iko gereji

Hakim 11:05
Samahanini sikuwa na bando, mjusi gani?

Shangazi Zaina 11:06
Hakim soma juu. Rehema uache kwa yule kijana anayeuza rolex, chapati za mayai, hapo getini, mtu atapita

Anti Rehema 13:40
Mtu nani