Meza za mgahawa chini ya dirisha: tuna siku ngapi za kuandika?

Kutoka kwa: Mama Wawili, Northampton

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za kazi.

Naomba msaada, na ni wa haraka. Tumepanga ghorofani, mtaa wote ni nyumba za kuishi watu isipokuwa mgahawa mmoja ulioko kwenye kona. Juzi wamebandika karatasi kwenye kioo kwamba wameomba leseni ya kuweka meza na viti nje, kila siku, hadi saa tano usiku. Upande huo wa meza ndio wenye dirisha la chumba cha watoto, na hapo ndipo ninapopita asubuhi na kigari cha mtoto kwenda chekechea. Jirani ananiambia nisijisumbue, kaunsili wameshaamua, mwenye biashara ndiye anayelipa kodi kubwa.

Je, ni kweli? Na mimi ambaye bado si raia, nikiandika pingamizi haliwezi kuniletea shida kwenye viza? Sitaki kumfungia mtu biashara yake. Nataka watoto walale.

Kutoka kwa: Mzee wa Leicester

Marahaba mwanangu. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya leseni kabla sijastaafu, nitakueleza ninavyoijua kazi hiyo kwa ndani.

Jirani yako hajui. Kama karatasi ipo kwenye kioo, maana yake uamuzi bado. Sheria inamtaka mwombaji aibandike siku ileile anayopeleka maombi, mahali ambapo mpita njia anaweza kuisoma bila kuingia ndani, na iseme maoni yanapokelewa mpaka tarehe gani. Nenda leo uipige picha, tarehe ionekane vizuri. Karatasi za kwenye vioo zina tabia ya kudondoka.

Leseni hizi zilizaliwa wakati wa korona. Bunge lilipitisha Sheria ya Biashara na Mipango ya 2020 ili mikahawa ipone kwa kukaribisha wateja nje, ikatumika England kuanzia Julai mwaka huo. Kabla ya hapo mtu alipita njia ya Sheria ya Barabara Kuu ya 1980, na mara nyingi akahitaji pia ruhusa ya mipango miji, mambo yakachukua miezi. Ule mpango wa korona uliongezwa mwaka baada ya mwaka, kisha sheria nyingine ya 2023 ikaufanya wa kudumu, na tangu 31 Machi 2024 ndio utaratibu. Wenzetu wa Uskoti na Wales wana taratibu zao, wasifuate haya ninayoyaandika.

Sasa shika hesabu hii. Kuanzia kesho yake baada ya maombi kupelekwa, wananchi wana siku 14 za kutoa maoni. Zikiisha, kaunsili ina siku 14 nyingine za kuamua. Ikikaa kimya hadi zipite, leseni inahesabika imetolewa, na ni ya miaka miwili. Ndiyo sababu nasema usingoje siku ya mwisho. Afisa ana mafaili mengi na anaanza kuandika mapendekezo yake mapema. Barua inayofika akiwa bado anatafakari ina uzito kuliko ile inayofika akiwa ameshamaliza. Na ikishatolewa, sheria haikuweka rufaa, si kwa jirani wala kwa mwombaji.

Kuhusu viza, lala usingizi. Sheria inasema mtu yeyote anaweza kutoa maoni. Haiulizi uraia, haiulizi kama nyumba ni yako au umepanga. Unachoweza kumuuliza afisa kabla ya kutuma ni kama jina na anwani yako vitaonyeshwa kwa mwombaji.

Halafu uandike nini? Hapa ndipo watu wetu wengi wanapopoteza nafasi. Nimesoma barua za hasira kurasa tatu, mwandishi analalamikia maegesho, harufu ya vitunguu, tabia ya mwenye duka wa zamani, na ndani yake hamna kitu ambacho afisa anaweza kukigeuza kuwa sharti. Afisa anahitaji vitu viwili: njia na saa.

Njia inapimwa. Mwongozo wa serikali unataja mita 1.5 kuwa kiwango cha chini cha nafasi wazi katika hali nyingi, ili kiti cha magurudumu na kigari vipite. Chukua futi ya fundi upime toka pale meza zitakapoishia hadi kizuizi cha kwanza: nguzo ya taa, mti, pipa la taka. Na usipime kama mchoro unavyoonyesha, kwa sababu kwenye mchoro viti vimesukumwa chini ya meza. Mtu akikaa, kiti kinarudi nyuma nusu mita au zaidi. Andika namba zako, weka picha.

Saa ni hivi: usiseme "tunapinga". Sema unaomba meza ziondolewe saa mbili usiku badala ya saa tano, na ueleze kwamba madirisha ya vyumba vya kulala yako juu yake moja kwa moja. Kaunsili inaweza kutoa leseni kwa masharti, na afisa anapenda sana kupewa sharti lililokwisha kuandikwa vizuri. Ukimwambia akatae kila kitu, unamlazimisha achague kati yako na mgahawa.

Kuna jambo moja ambalo hata mawakili wa mitaani hulikosea. Watu hudhani leseni ikishatoka, watapiga simu idara ya kelele na kelele zitazimwa. Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya 1990 inapozungumzia kelele za barabarani inataja magari, mashine na vifaa. Sauti za watu wanaokula na kucheka kwenye njia ya miguu ni ngumu kuziingiza humo. Kwa hiyo ulinzi wako mkubwa uko ndani ya masharti ya leseni yenyewe, kabla haijatoka.

Kutoka kwa: Mwenye mkahawa, Luton

Hamjambo wote. Mzee, shukrani, lakini naomba na sisi tulio upande wa pili tusikike.

Mimi ni Mkenya, nina mkahawa mdogo, na leseni hii ninayo. Ada imewekewa kikomo: isizidi pauni 500 mara ya kwanza na pauni 350 unapoihuisha. Zamani za korona kikomo kilikuwa pauni 100. Kwa biashara kubwa hiyo ni hela ya chai, kwangu mimi ni mshahara wa kijana wa jikoni kwa siku kadhaa. Naitoa kwa sababu ndani kwangu watu wanakaa wamebanana, na jua likitoka hapa hakuna Mwingereza anayetaka kula ndani. Meza chache za nje ndizo zinazonilipia kodi ya pango majira ya joto, kisha Novemba naziingiza stoo.

Dada, mwendee mwenye mgahawa ukaongee naye. Nenda mchana baada ya watu kula, si saa ya pilikapilika. Wengi wetu hatujui chumba cha juu analala nani. Mimi jirani yangu alikuja akaniambia kelele inayomwamsha si maongezi, ni viti vikiburutwa kwenye zege wakati wa kufunga. Nikanunua vifuniko vya mpira vya miguu ya viti, na vijana wangu sasa wanavibeba, hawaviburuti. Barua ya kaunsili isingeniambia hilo.

Na nyinyi mnaofungua mikahawa: msiombe saa tano usiku kwa sababu tu fomu inaruhusu. Ombeni saa mnazozihitaji kweli. Mteja wangu wa nje ni wa chakula cha mchana, nikaomba hadi saa moja jioni, na hakuna aliyeandika dhidi yangu.

Kutoka kwa: Dada wa Birmingham

Asalaam aleikum. Naongeza dogo lakini kwetu ni kubwa. Mama yangu haoni, anatembea kwa fimbo nyeupe, na barabara yetu ina mikahawa mitatu inayofuatana. Fimbo inapita chini ya meza bila kugusa kitu, anajigonga tumboni. Kinachomsaidia ni kizuizi imara kuzunguka eneo la meza, chenye ubao chini kabisa unaoguswa na fimbo, na rangi inayojitenga na ya njia kwa wanaoona kidogo. Kamba inayoning'inia kati ya nguzo mbili ni hatari kuliko kukosa kitu kabisa. Tafadhali, kwenye barua zenu ombeni hilo hata kama nyumbani kwenu wote mnaona.

Na yale mabango ya kusimama yenye orodha ya vyakula, leseni hii ya meza haiyahusu. Nimeona wenye mikahawa wakiyaweka katikati ya ile nafasi iliyoachwa wazi, njia ikabaki ya paka.

Swali langu kwa mzee: na shisha? Hapa kwetu meza zikitoka nje, wiki ya pili inatoka shisha.

Kutoka kwa: Mzee wa Leicester

Binti, umenena. Nilipokuwa kazini tulipokea maoni machache mno kutoka kwa wasioona na jamaa zao, na si kwa sababu hawaumii.

Shisha: kila leseni ya meza za nje ina masharti mawili ya kitaifa ambayo kaunsili haiwezi kuyafuta. La kwanza, njia isizibwe. La pili, kama wavutaji wanaruhusiwa, lazima kuwe na viti vya kutosha kwa wasiovuta. Hayo hayapigi marufuku shisha moja kwa moja. Lakini kaunsili inaweza kuongeza sharti lake la kutovuta kabisa, na zipo zinazofanya hivyo. Basi liombe kwa maandishi. Moshi unapanda, na juu kuna dirisha la mtoto.

Pombe ni suala jingine. Leseni ya meza si leseni ya kuuza pombe. Hiyo iko chini ya Sheria ya Leseni ya 2003, ina tangazo lake na siku zake 28 za maoni. Wakati wa korona baa nyingi ziliruhusiwa kuuza vinywaji vya kuondoka navyo bila kubadili leseni zao, ruhusa iliyokoma 31 Machi 2025. Ukiona karatasi ya buluu kwenye kioo, hiyo ni ya pombe, isome peke yake.

Angalieni pia ardhi ni ya nani. Kama meza zinakaa kwenye kiwanja cha mgahawa wenyewe, ndani ya mpaka wao, leseni hii haihusiki, na pengine mnatakiwa kuuliza idara ya mipango miji. Mawe ya chini mara nyingi hubadilika pale mpaka ulipo, ila thibitisheni kwa kaunsili.

Ndugu wa Luton amesema kweli kuhusu kuzungumza, nami namuunga mkono. Ila mwanangu, yasile siku zako 14. Ongea naye Jumatatu, tuma barua Jumanne. Mkikubaliana, andika kwenye barua kwamba mmekubaliana saa fulani na unaomba iwekwe kama sharti, maana mwenye mgahawa anaweza kuuza biashara na ahadi ya mdomo ikaondoka naye.

Na hata leseni ikitoka vibaya, haijafungwa kwa kufuli. Kaunsili inaweza kuifuta kama masharti yanavunjwa, njia inazibwa, au meza zinaleta kero kwa umma. Hapo inahitaji kumbukumbu: tarehe, saa, kilichotokea, picha. Mkiandika majirani wanne, kila mmoja kwa maneno yake, ni bora kuliko barua moja yenye sahihi arobaini. Mpelekeeni nakala diwani wa kata yenu.

Kutoka kwa: Mama Wawili, Northampton

Nawashukuru nyote, Mungu awabariki. Karatasi inasema tumebaki na siku tano. Nimepima na mume wangu: kiti kikivutwa nyuma, hadi nguzo ya taa inabaki mita 1 na sentimita 10. Mwenye mgahawa nimeonana naye, ni mtu wa heshima, amesema saa tatu usiku anaweza kuishi nayo. Nimeandika hivi:

"Naishi ghorofani jirani na mgahawa. Sipingi meza za nje. Naomba (1) meza za upande wa nguzo ya taa ziondolewe kwenye mchoro, kwa kuwa nafasi iliyobaki ni mita 1.1, (2) meza na viti viingizwe ndani ifikapo saa tatu usiku, kama mwombaji alivyokubali nilipozungumza naye, (3) kusiwe na spika wala uvutaji nje, (4) kuwe na kizuizi imara chenye ubao wa chini kwa ajili ya wasioona. Sisi tumeishi hapa miaka mingi na tunalipa kodi kama wengine."

Ipo sawa?

Kutoka kwa: Mzee wa Leicester

Sawa kabisa mwanangu. Futa sentensi ya mwisho, haimsaidii afisa. Mahali pake weka kwamba dirisha la chumba cha watoto liko juu ya meza, na utaje umbali kwa mita. Bandika picha ya futi ikiwa chini, namba zisomeke. Namba ya maombi iandike juu ya barua, utaikuta kwenye ile karatasi ya kioo au kwenye tovuti ya kaunsili. Tuma kwa barua pepe, na wasipokujibu kwamba wameipokea, kesho asubuhi wapigie simu.