Mrejesho: kipimo cha tezi dume, kwa ganzi au kwa usingizi

Ndugu zangu, niliwauliza kama mtu anayekwenda kuchukuliwa vinyama vya tezi dume vya kupimwa maabara anaweza kuomba dawa ya usingizi, kwa kuwa niliyaogopa sana maumivu. Nimekwisha kufanyiwa kipimo hicho hapa Mwanza, na ninawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Daktari alinieleza kwamba dawa ya kusinzisha hupitishwa kwenye mshipa, na anayeichagua hana budi kukaa bila kula kwa saa kadhaa na kuwa na mtu wa kumrudisha nyumbani. Mimi nilikuwa nimekuja peke yangu kwa meli kutoka Nansio, hivyo nilichagua ganzi. Nililala ubavu huku nimekunja magoti. Kifaa cha ultrasaundi kilipoingizwa kwa njia ya haja kubwa, jambo ambalo kwangu lilikuwa gumu kuliko sindano zenyewe, daktari alichoma lidokeini, yaani dawa ya ganzi, kando ya tezi, akasubiri dakika chache, kisha akachukua vipande 12. Kila kimoja kilikuja na mlio mkali wa kifaa cha sindano na mshtuko wa ghafla, lakini maumivu yalikuwa madogo. Naamini kuusikia mlio huo mapema kulinisaidia kuliko chochote, kwa hiyo mwombeni daktari awasikilizishe kabla ya kuanza.

Nilipewa pia antibiotiki. Mkojo ulikuwa na damu kwa siku 3, na kwenye shahawa inaweza kuonekana kwa wiki kadhaa. Lakini ukipata homa au ukishindwa kukojoa, rudi hospitali saa hiyohiyo. Majibu bado ninayasubiri.