Naomba ushauri: manyoya 3 au 4 kwenye mshale?

Wakuu, habari zenu. Nina mishale ya mbao, inchi 28, na upinde wa jadi wenye nguvu ya kuvuta ya ratili 45. Mshale unapita juu ya kidole. Kila mmoja una manyoya 3 ya bata mzinga, inchi 5, yote ya bawa la kushoto. Nikipachika mshale kwenye uzi kwa haraka, unyoya unaopaswa kukaa nje, mbali na upinde, ukageukia upinde, mshale unapepesuka na uti wa unyoya unachana kidole. Nimesugua ncha za uti na kuzifunika gundi: kidole kimepona, kupepesuka bado.

Nafikiria manyoya 4 ya inchi 4, nipachike upande wowote. Niyapange kwa pembe ya digrii 90 sawasawa kati ya unyoya na unyoya, au 75 na 105 kwa kupokezana? Na kwa mita 30, kasi itapungua kiasi cha kuonekana?