Laki 6 mkononi: nitengeneze tovuti yenye SEO au nibusti Instagram?

FundiBaridi
Habari za jioni wakuu. Natengeneza friji, friza na AC, banda langu liko Tabata, mwaka wa tano sasa. Kuna kijana kanifuata na ofa: laki 6 ananitengenezea tovuti, halafu elfu 80 kila mwezi ya SEO, yaani kuifanya tovuti ipande juu mtu akitafuta Google, na eti ndani ya mwezi mmoja nitakuwa wa kwanza Google. Mke wangu anasema hela hiyo nibusti Instagram, yaani nilipie posti zionekane na watu wengi, maana shoga yake anauza magauni huko na mambo yake si mabaya. Mimi simu zangu nyingi zinatoka kwa watu waliopewa namba na jirani. Kwa biashara ya saizi yangu SEO ina maana kweli, au ni mambo ya makampuni?

KekiZaKino
Msikilize shemeji, kaka. Mimi nauza keki, sina tovuti na sijawahi kuikosa. Hakuna anayeamka asubuhi akaandika Google "keki nzuri". Anaona ya mwenzake kwenye send-off, mate yanamtoka, anakuja DM. Nikibusti posti kwa elfu 20 wiki ya sikukuu, simu hailali.

MzeeWaSeva
Dada, keki ni tamaa, friji ni shida. Ndiyo tofauti yenyewe. Friji ikigoma Jumamosi usiku na ndani kuna kilo 5 za samaki, mtu hakai kuperuzi picha za kompresa. Anaandika "fundi friji tabata" na kumpigia wa kwanza anayepokea. Kwa hiyo mkuu, kuonekana Google kwako kuna maana kuliko kwa muuza keki.

Ila huyo kijana mkimbie. Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na kazi ya SEO kwa kawaida huchukua miezi 4 hadi mwaka kuonyesha matunda. Mwezi mmoja ni maneno ya kuuzia.

Halafu watu wanachanganya vitu viwili. Kuna SEO ya tovuti, na kuna wasifu wa biashara kwenye Google, ule unaotokea na ramani, nyota na kitufe cha kupiga simu. Huo ni bure. Kwenye ramani Google inaangalia mambo matatu: kama unafanya kile kilichotafutwa, uko umbali gani na anayetafuta, na unajulikana kiasi gani, maoni ya wateja yakiwemo. Fundi wa Tabata kwa mteja wa Tabata tayari una moja mkononi. Umeshajisajili?

FundiBaridi
Sijasajili chochote, ila nimejitafuta sasa hivi na nipo! Sijui nani aliniweka. Pini iko ng'ambo ya barabara, juu ya baa. Namba ni ya laini niliyoitupa zamani, na nyota ni 2: mtu kaandika "nimefika nimekuta watu wanakunywa bia". Ndiyo maana bodaboda huwa wananiletea wateja wamenuna.

KekiZaKino
😂😂 Pole kaka. Hapo hata mimi ningekupa nyota 2.

UpepoPaje
Naingilia kwa upande mwingine. Nina nyumba ya wageni Paje, Zanzibar, vyumba 6, na kwangu tovuti imelipa. Mgeni wangu yuko Ujerumani au Italia, anapanga safari miezi kabla, na akipitia mitandao ya kuwekea nafasi mimi nakatwa kamisheni kwa kila usiku. Akinipata moja kwa moja, hela yote ni yangu.

Lakini kilichofanya kazi si "SEO" ya kununua. Wageni walikuwa wakiniuliza kila siku kuhusu maji kupwa na kujaa, maana Paje yakitoka yanakwenda mbali mno, na wanaokuja kuruka na kaiti wanataka kujua upepo wa kaskazi na wa kusi unavuma miezi ipi. Nikaandika ukurasa mmoja wa Kiingereza kujibu hayo tu. Ulikaa miezi 8 bila mtu. Leo ndio unaoniletea wageni kuliko kurasa nyingine zote, ule wenye picha za vitanda ukiwemo, niliolipia mpiga picha.

Wewe fundi hauhitaji hayo kwa sasa. Mteja wako hapangi kuharibikiwa na friji.

Mvita_Simu
Nami niseme langu kutoka Mombasa. Ndugu yangu, ukishaupata huo wasifu usijifanye mjanja kama mimi. Duka langu nililibadilisha jina Google likawa "Simu Bei Nafuu Mombasa Original Warranty". Wakausimamisha wasifu, wiki 3 sionekani, na maelezo nimeandika hadi vidole vikauma. Jina liwe lile la kwenye kibao. Na nyota za kununua usiguse. Mteja akishalipa, mtumie kiungo WhatsApp papo hapo akuandikie, kabla hajafika kwake akasahau.

KekiZaKino
Nakubali kitu kimoja. Oktoba 4, 2021, Instagram na WhatsApp vilipozimika karibu masaa 6, nilikuwa na keki ya ghorofa 3 na namba ya mteja imo WhatsApp tu. Tangu siku hiyo nina daftari. Lakini kubusti siachi.

MzeeWaSeva
Na usiache, kwako ndipo penyewe. Fundi, laki 6 yako weka. Dai umiliki wa wasifu, rekebisha pini, namba na saa za kazi, upige picha banda. Kila anayepiga muulize kakupataje, andika. Baada ya miezi 3 daftari litakuambia kama tovuti inahitajika.

FundiBaridi
Shukrani wakuu. Kijana nimemwambia asubiri. Nimeanza kudai umiliki, wanataka nirekodi video ya mtaa, kibao na vifaa vya kazi. Shida kibao changu kimeandikwa "FUNDI YUPO" basi. Watakubali?

Mvita_Simu
Tafuta mchora vibao kwanza.