Nimemiliki Land Cruiser 300 miezi mitatu: kiongozi wa mjini hana haja ya shangingi

Mleta mada (Njombe):

Wakuu, habari za jioni. Nina miezi mitatu na Land Cruiser 300 jipya, la dizeli, na juzi limemaliza kilomita 9,000. Nitaeleza linavyokwenda, maana kila ninaposimama naulizwa. Ila nyuma ya maelezo nina hoja, na hiyo ndiyo nataka tuijadili: baada ya kulijaza mafuta kwa pesa yangu mwenyewe, siamini tena kwamba kiongozi ambaye kazi yake ni ya mjini anastahili kupewa gari la namna hii, dereva na mafuta juu, kwa kodi zetu.

Nafanya biashara ya parachichi na viazi. Wiki nzima niko kwa wakulima Ludewa na Makete, mwisho wa mwezi nashuka Dar kufuatilia mzigo bandarini. Prado yangu ya zamani ilinitoa mbali, lakini mvua za mwaka jana zilinilaza porini mara mbili. Nikaamua. Kwa bei ya chombo hiki ningeinua nyumba mbili nzuri hapa Njombe, na mke wangu hajaacha kunikumbusha.

Nianze na injini, maana ndiyo ugomvi wa vijiweni. Ndiyo, V8, ile injini ya silinda nane, imeondoka. Hili ni V6, silinda sita, ya lita 3.3 yenye turbo mbili na gia kumi. V8 ya dizeli ya lita 4.5 iliyokuwa kwenye Land Cruiser 200, toleo lililotangulia, ilikuwa na nguvu ya kuvuta ya Nm 650, hii ina 700, na gari lenyewe limepunguzwa kama kilo 200. Mngurumo ule mzito haupo, na masikio yangu bado yanautafuta. Lakini kwenye mlima halikuombi ruhusa.

Mwezi uliopita nilishuka Kitonga nyuma ya malori mawili ya makontena, breki zao zinanuka mpaka ndani ya kioo kilichofungwa. Kwa Prado nilikuwa nashuka pale mguu juu ya breki mwanzo mwisho. Safari hii nilirudisha gia mwenyewe mpaka ya tatu, gari likajishika kwenye mwendo wa lori, na sikukanyaga breki mpaka barabara ilipolala. Mwanangu alikuwa amelala kiti cha nyuma, hakuamka. Hapo nilielewa pesa yangu ilikwenda wapi.

Kwenye tope ni hivyo hivyo. Kuna kijiji kimoja kwenye njia ya kushukia Ziwa Nyasa ambako mvua ikinyesha hata bodaboda zinasukumwa. Nimepita nikiwa na kreti nane za parachichi. Siti za nyuma kabisa sasa zinalala sakafuni, hazining'inii pembeni kama za 200, kwa hiyo kreti zinakaa sawasawa.

Yasiyonipendeza ni machache. Kitufe cha kuwashia kinasoma alama ya kidole. Ni Toyota ya kwanza kuwa na kitu hicho, na kwa wezi tulionao nakishukuru, ila asubuhi ya Njombe, kidole kikiwa na baridi na udongo wa shambani, unakifuta kwenye suruali mara tatu ndipo kikubali.

Sasa mjini. Nilikaa Dar siku sita, nimefikia Kijitonyama, shughuli zangu Posta. Gari lina upana wa karibu mita mbili. Kila bodaboda inayochomekea mbele, kengele ya kuzuia ajali inalia na dashibodi inawaka nyekundu. Ukifika Magomeni umeshachoka kushtuliwa. Kwenye maegesho nilizunguka mpaka nikampa kijana elfu mbili anisogezee pikipiki. Barabara kuu lilikuwa linanipa kilomita tisa na nusu kwa lita. Kwenye foleni ile lilinipa tano. Nikipandisha kiyoyozi nikiwa nimesimama, chini ya hapo.

Siku ya nne, kwenye taa za makutano ya Fire, nilihesabu mashangingi matano yenye namba za serikali, mbele yangu na upande wangu. Kila moja lina dereva na mtu mmoja nyuma. Injini zote zinawaka, vioo vyote juu. Mimi ya kwangu nailipia. Yale matano nani anayalipia? Rodi laisensi ya mwaka ilifutwa 2017, ikahamia kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo mama lishe anayepanda daladala anachangia kila lita inayouzwa, halafu kodi yake hiyo hiyo ndiyo inayonunua lita ya shangingi lililosimama Fire.

Naomba tujadili kwa hoja. Sina chama hapa.

Dereva mstaafu (Dodoma):

Hongera kwa chombo, mkuu. Umeandika vizuri, ila umeona siku sita za Dar. Mimi nimewaendesha viongozi miaka 22.

Kiongozi wa wizara hakai mjini. Jumatatu tuko Dodoma, Jumatano Mpanda, Ijumaa tunalala Songea, Jumapili usiku tunarudi kwa sababu Jumatatu kuna kikao. Njia nyingine wakati ule ilikuwa vumbi tupu. Nimeshawahi kupewa gari dogo kwa safari ya Kigoma, tena kwa hoja kama hii yako ya kubana matumizi. Tulifika na shokapu mbili zimekufa na bosi hawezi kugeuza shingo. Kesho yake alitakiwa kukagua mradi kwa miguu, akashindwa. Ile safari ilikuwa imeokoa nini?

Na kuna usalama. Usiku, ng'ombe amelala barabarani, mwendo uko 100. Mimi nipo hai kwa sababu ya chesisi ile.

Muuguzi wa zahanati:

Shikamoo mzee wangu. Nimekusoma na nakuheshimu kwa kazi uliyofanya. Lakini naomba na mimi niseme la huku.

Kituo kikubwa tunachopelekea wagonjwa kiko kilomita 46. Gari la wagonjwa ni mkonga, ile Land Cruiser ya kazi, ni ile ile kwa jina tu. Mwaka jana lilikaa juu ya mawe miezi miwili na nusu, limekosa tairi na bearing za mbele. Katika miezi hiyo nilimpakia mama mwenye uchungu kwenye bodaboda, mimi nyuma yake nimemshika, dripu nimeifunga kwenye fimbo niliyoishika kwa mkono wa pili. Tulisimama njiani mara nne. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu, na mama alijifungulia kituoni, si porini.

Wiki ile ile ulikuja ugeni kukagua. Magari saba, yote makubwa, yote yamekuja na mtu mmoja mmoja. Tairi moja la magari yale lingetosha kuninyamazisha. Sina zaidi.

Fundi (Gerezani):

Wakuu, mimi naongelea chuma tu, siasa nawaachia.

Mleta mada amegusa kitu ambacho wengi hawakijui. Injini kubwa ya dizeli haipendi mjini. Haya mapya, hasa yaliyotengenezwa kwa soko la Japani na Ulaya, yana chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio lile linajisafisha lenyewe kwa kuchoma masizi, na ili lichome linahitaji joto, yaani gari litembee safari ndefu. Ukilitumia kutoka nyumbani kwenda ofisini kilomita sita, unawasha unazima, masizi yanajaa, taa inawaka, gari linakosa nguvu. Linaletwa hapa wanasema turbo imekufa. Kumbe turbo haina tatizo, chujio ndilo limeziba. Kulibadilisha ni pesa ambayo sipendi hata kumtajia mteja akiwa amesimama.

Oili pia. Foleni saa mbili, mita haijasogea, lakini injini imefanya kazi. Ukisubiri kilomita zitimie ndipo ufanye sevisi, umechelewa.

Kwa hiyo mzee dereva yuko sahihi na mleta mada yuko sahihi. Gari hili ni la safari. Likisafiri linadumu, likishinda kwenye foleni linakufa kabla ya siku zake.

Mchangiaji kutoka Mombasa:

Ndugu zangu, hapa kwetu jambo hili lilijaribiwa. Mwezi Juni 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, alisoma bajeti akaagiza mawaziri warudishe magari makubwa na wapewe yasiyozidi cc 1,800. Serikali ikanunua Volkswagen Passat. Wananchi walifurahi sana. Tatizo ni kwamba Passat haina urefu wa kutoka chini. Ukienda Tana River nayo mvua imenyesha, hufiki. Wengine walizikataa waziwazi. Haikuchukua miaka mingi, Prado na V8 zikawa zimerudi Nairobi kama kawaida.

Kosa lilikuwa kumpa kila mtu gari moja la aina moja. Waziri alihitaji gari dogo kwa siku nne na gari kubwa kwa siku moja, akapewa dogo kwa siku zote tano.

Kuhusu kodi, ndugu wa Njombe, shukuru. Kwetu dizeli ikizidi cc 2,500 ushuru wa bidhaa peke yake ni asilimia 35, mbali na ushuru wa forodha na VAT.

Mleta mada:

Nimewasoma wote. Mzee wangu dereva, shikamoo. Nakubali la Kigoma, na la ng'ombe nalikubali zaidi, maana mimi mwenyewe nimelinunua kwa sababu hiyo hiyo. Sikusema viongozi wapande Vitz kwenda Mpanda. Nilisema kiongozi wa mjini. Mkurugenzi ambaye nyumba yake iko Mikocheni na ofisi yake iko Posta, kwa mwaka anasafiri mara sita na nne kati ya hizo anapanda ndege. Huyo anashinda na gari la Mpanda kwenye foleni ya Fire, na kama alivyosema fundi, analiua. Kisha mwaka wa tano linanunuliwa jingine.

Ndugu wa Mombasa amenifungua macho. Magari makubwa yawe kwenye bwawa moja la wizara, yaani ya pamoja, si ya mtu, yenye funguo kwa afisa usafiri. Unasafiri kwenda Tunduru, unaandikiwa, unapewa, unarudisha. Siku za kawaida upande lako. Rwanda walishafika huko, walikusanya magari ya serikali na kuyapiga mnada, viongozi wakasaidiwa kununua ya kwao. Na hapa kwetu si jambo geni. Kwenye hotuba ya bajeti ya Juni 2022 Mwigulu Nchemba, wakati huo Waziri wa Fedha, alisema wazi kwamba magari yanaila serikali, akapendekeza viongozi wanaostahili wakopeshwe wanunue yao na wayahudumie wenyewe. Mimi nilidhani lile litabadilisha barabara. Foleni ya Fire inaniambia bado.

Dada muuguzi, nimesoma maneno yako mara mbili. Ile fimbo ya dripu haitanitoka.

Dereva mstaafu (Dodoma):

Marahaba mwanangu. La bwawa la magari naliunga mkono, tulikuwa nalo zamani na lilifanya kazi. La mkopo ninalikataa. Mtu akishanunua gari kwa mkopo wake, hatalipeleka kwenye tope la kijijini. Atakuambia barabara haipitiki, ripoti ataiandika kwa simu. Nimewajua watu, nimewaendesha. Mkulima wako wa Ludewa hatamwona tena afisa kilimo.

Na jambo moja la haki: usimlaumu kiongozi peke yake. Akifika mkoani na gari dogo, wenyeji wenyewe wanasema huyu hana uzito, hatatusaidia. Nimesikia kwa masikio yangu mara nyingi, wanamwangalia gari kabla ya kumwangalia uso.

Muuguzi wa zahanati:

Mzee, hilo la mwisho ni kweli tupu. Ile siku ya magari saba, akina mama walipiga vigelegele magari yalipoingia. Na mimi nilipiga.

Mleta mada:

Mzee, kwenye mkopo umenibana. Kweli, hata mimi kuna njia nafikiria mara mbili kabla ya kulipeleka hili, na ni langu na lina biashara yake. Basi nibaki na bwawa la magari, na daftari la safari liwe wazi: tarehe, kilomita, lita, aliyebebwa. Kila robo mwaka libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi kama yanavyobandikwa mapato ya kijiji.

Fundi, naomba unijibu moja. Langu ni la dizeli, na Njombe mjini natembea kilomita tatu nne kwa siku pale ambapo sina safari. Je, bora niwe naliacha nyumbani nichukue pikipiki? Kesho alfajiri nashuka Ludewa na mzigo, mvua imeanza. Nimejaza tangi mpaka juu, nitapima nikirudi niwaletee lita kamili.

Fundi (Gerezani):

Acha nyumbani, mkuu. Na ukirudi Ludewa usizime palepale getini, iache injini iwake dakika mbili turbo zipoe.