Mjadala: Mume wa malkia anayetawala, kwa nini asiitwe mfalme?

MTOA MADA
Camilla alivishwa taji Westminster Abbey tarehe 6 Mei 2023 na sasa ni Malkia, kwa sababu tu mumewe, Charles, ni Mfalme wa Uingereza. Philip, mume wa Elizabeth wa Pili, alikaa miaka 69 kama mume wa malkia anayetawala, na hakuwahi kuitwa Mfalme. Hata cheo cha Mwanamfalme wa Uingereza mkewe alimpa mwaka 1957, akiwa tayari ametawala miaka mitano. Huu ni ubaguzi. Ama ndoa ipandishe wote, ama isimpandishe yeyote.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Ndugu, umelinganisha visivyolingana. Malkia yupo wa aina mbili: anayetawala, ambaye huidhinisha sheria na kumteua waziri mkuu, na mke wa mfalme, asiye na mamlaka hayo hata moja. Mfalme kwa kawaida ni mmoja tu, mwenye kiti. Ukimpa mume jina hilo, watu watauliza nani anaamuru.

Na hofu hiyo ina historia. Mary wa Kwanza alipoolewa na Philip wa Hispania mwaka 1554, mume aliitwa Mfalme wa Uingereza. Ilibidi Bunge litunge sheria ya kumbana: asiwape wageni nyadhifa, na Mary akifa bila mtoto asidai kiti. Mary alifariki 1558, na haki za Philip huyo Uingereza zikakoma. William wa Orange, mume wa Mary wa Pili, naye mwaka 1689 alikataa katakata kuwa mume tu wa malkia. Akapewa kiti pamoja na mkewe, mke akafa 1694, yeye akaendelea kutawala hadi 1702.

MTOA MADA
Mkuu, umenisaidia. Sheria ya 1554 ilifanya kazi! Kama Bunge la wakati ule liliweza kutenga jina na mamlaka, la leo linashindwaje?

MCHANGIAJI WA PILI
Tuangalie utaratibu wenyewe, maana tatizo lipo hapo. Uingereza mke hupata cheo kwa mila, papo hapo mumewe anaporithi. Mume hapati kitu mpaka itolewe hati ya kifalme. Albert alimwoa Victoria 1840 na akasubiri hadi 1857 ndipo hati ikatoka, tena ya Mwanamfalme, si Mfalme. Hispania imeandika tofauti hiyo waziwazi katika amri ya 1987: mke wa mfalme ni Malkia, mume wa malkia ni Mwanamfalme.

Mimi nashusha cheo cha mke, sipandishi cha mume. Uholanzi imeonyesha njia: kisheria Máxima ni Binti Mfalme wa Uholanzi, na kuitwa Malkia ni heshima tu. Ukiandika hivyo kwa wote, hakuna mume wa kulalamika kama Henrik, mume wa Malkia Margrethe wa Denmark, aliyetangaza 2017 kwamba hatazikwa pamoja na mkewe kwa kunyimwa cheo cha mfalme. Warithi wa Hispania, Ubelgiji, Uswidi na Uholanzi sasa hivi ni wanawake wote. Sheria zirekebishwe kabla hawajakalia viti.