Toni ya kawaida, EQ ya betri au filta: kipi kinafaa kwenye gita la besi?

NyuziNne
Wakuu, naomba tulinganishe. Gita la besi aina ya Jazz, pikapu mbili (sumaku zenye koili zinazonasa mtikisiko wa nyuzi), voliumu mbili, nobu moja ya toni, halina betri. Kazi yake ni dansi na kwaya. Toni ikifunguliwa yote, mkwaruzo wa vidole kwenye nyuzi unasikika hadi nyuma ya ukumbi. Ikifungwa, besi inamezwa na kinanda. Kuna njia tatu: kubadili kapasita, kuweka priampu (kikuza sauti kidogo ndani ya gita) ya betri yenye nobu za besi na trebo, yaani EQ, au kuweka priampu ya filta kama zile za watengenezaji wa besi Alembic na Wal. Ipi inatibu tatizo hili, na kwa nini?

FundiKapasita
Mkuu, kabla ya kununua chochote jua ulichonacho. Toni hiyo ni vitu viwili tu: poti (kizuizi cha umeme kinachozungushwa na nobu) ya kilo-omu 250 na kapasita, mara nyingi ya maikrofaradi 0.047, ile iliyoandikwa 473. Kapasita inayapeleka masafa ya juu kwenye erthi, na poti ndiyo mlango wake. Nobu ikiwa 10, yaani toni wazi yote, mlango huo umefungwa: kilo-omu 250 zote ziko njiani, kwa hiyo uweke kapasita ya 223 au ya 104, pale juu hutasikia tofauti. Wengi hubadili kapasita, wakajaribu nobu ikiwa 10, wakasema kazi haikufanyika. Kapasita huanza kujitambulisha nobu ikishuka chini ya 3 hivi.

Ukifunga toni kabisa, koili ya pikapu na kapasita hushirikiana kuamua sauti inakatwa wapi. Pikapu ya Jazz yenye henri 3.5 hivi, ikiwa inafanya kazi peke yake, itakupa takriban:

223 (0.022): hezi 570
473 (0.047): hezi 390
104 (0.1): hezi 270

Pikapu mbili zikiwa wazi pamoja, namba hizo hupanda kama mara 1.4. Sasa linganisha na nyuzi: E wazi ni hezi 41, G wazi ni 98. Ina maana sauti ya msingi haiguswi hata kwa 104. Kinachopotea ni sauti zile za juu yake ambazo sikio hulitambulia noti. Ndiyo maana besi yako inamezwa: mngurumo upo, noti haieleweki. Weka 223, au 333 (0.033) ukiipata.

VoltiTisa
Nakubaliana na fundi kuhusu kapasita, ila tusiiache EQ. Toni ya kawaida inapunguza tu. Priampu inaweza kuongeza, na faida yake nyingine husahaulika: inaitenga pikapu na kebo. Kebo ya mita 6 huwa na takriban pikofaradi 600, na mzigo huo unashusha ule mlima wa mng'ao wa pikapu yenyewe hadi kilohezi 3 na kitu. Ukibadili kebo, sauti inabadilika. Ukiwa na priampu ndani ya gita, kebo haina neno tena.

Kwa tatizo la NyuziNne lakini, EQ ya nobu mbili, mtindo ulioenezwa na StingRay ya Music Man tangu 1976, haitoshi. Nobu ya besi inafanya kazi chini kabisa, ya trebo juu kabisa, na anachokosa yeye kipo katikati. Akiongeza besi ndiyo atazidi kuzama, tena ampu itachoka: kuongeza desibeli 6 kunadai nguvu mara nne. Akichukua EQ, iwe na nobu ya kati, inayofanya kazi kati ya hezi 400 na 800.

Na jeki (tundu la kuchomekea kebo) ibadilishwe iwe ya stereo, yenye mguu wa ziada uitwao pete. Waya hasi wa betri unakaa kwenye mguu huo, kebo ikichomekwa ndipo umeme unapita. Usipochomoa kebo baada ya kupiga, betri inaisha kimyakimya. Noti kali zikianza kupasuka, badili betri kabla ya kulaumu spika.

MasafaYaChini
Hapa ndipo filta inapostahili kuelezwa, maana wengi huidhani ni toni ya bei kubwa. EQ inaongeza au kupunguza mahali palepale alipopanga mtengenezaji. Filta inakuachia wewe uchague *mahali*. Nobu inahamisha sehemu ya kukatia: kwa Alembic ni kutoka hezi 350 hadi kilohezi 6. Halafu kuna Q, inayoinua kilima kidogo palepale ukingoni kabla sauti haijashuka. Kwa Wal kila pikapu ina filta yake, na nobu ukiivuta juu, kilima kinatokea.

Fanya hivi: Q izimwe, filta ifunguliwe yote, piga noti moja kwenye uzi wa A. Shusha polepole. Kwanza mkwaruzo wa vidole unaondoka, noti ikiwa bado nzima. Simama hapo, mara nyingi ni kati ya kilohezi 1 na 2. Sasa washa Q: noti inapata mdomo, inatamka. Hicho ndicho anachokitafuta NyuziNne, kuondoa mkwaruzo bila kuondoa matamshi. Kapasita haiwezi kukupa hilo kikamilifu, kwa sababu nobu ikiwa katikati poti inafifisha kilima chenyewe, sauti inakuwa bapa.

Hatari zake: washa Q voliumu ikiwa chini, maana kilima kikikutana na noti inayolia sana ampu inapasuka. Pima kina cha tundu la nyaya ndani ya gita kabla ya kuagiza, filta nyingi zina bodi kubwa. Na toni ile ya zamani ing'olewe. Poti ya 250 na kapasita vikikaa baada ya priampu havifanyi kazi ya maana, kwa kuwa priampu ina nguvu ya kuisukuma kapasita bila sauti kushuka.

NyuziNne
Asanteni sana. Basi nianze na kapasita. Kuna namna ya kujaribu kadhaa bila kulehemu kila mara?

FundiKapasita
Ipo. Fungua bamba la nobu, lehemua mguu mmoja wa kapasita ya sasa, kisha toa nje waya mbili fupi zenye vibanio vya mamba: mmoja kutoka kwenye mguu wa poti, mwingine kutoka erthi. Bana 223, piga ukiwa na wenzako kwa sauti ya jukwaani, si chumbani peke yako. Kisha 333, kisha 473. Zikiwa nje hivyo zitavuta mvumo, usiujali. Za poliesta zinatosha, volti yoyote. Kama una mita ya kupimia kapasita, zipime, maana za bei nafuu hupishana na maandishi yake kwa asilimia 10 hadi 20.

Ukiangalia poti, isome. A250K hubadilika taratibu. B250K hukaa kimya kuanzia 10 hadi 2, halafu sauti yote inaanguka kwa mpigo, na watu huilaumu kapasita bure. Ukilehemu, shika mguu wa poti, sekunde 3 zinatosha. Joto likizidi, njia ya kaboni inaharibika na nobu itakwaruza.

VoltiTisa
Nyongeza: nobu ikikwaruza *baada* ya kuweka priampu, na poti ni mpya, si uchafu. Kuna volti inavuja kutoka kwenye bodi kuja kwenye poti. Pima kwa mita mguu wa poti hadi erthi. Ikionyesha volti yoyote, kagua kapasita ya bodi iliyo upande wa poti hiyo.